Uzi: Pete Peterson, mateka wa vita aliyerudi Hanoi akiwa balozi

Mleta uzi

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia habari za watu waliokaa kifungoni wakati wa vita, kisha wakapewa dhamana ya kuzungumza kwa niaba ya nchi zao na wale wale waliowafunga. Nimegundua kwamba watu hawa huandikwa sana kuhusu gereza na kidogo mno kuhusu kazi waliyoifanya baada ya gereza, kana kwamba maisha yao yalikoma siku lango lilipofunguliwa. Leo naomba tumjadili mmoja wao kwa kirefu. Ni Douglas Peterson, anayejulikana zaidi kwa jina la Pete, balozi wa kwanza wa Marekani katika Vietnam iliyoungana.

Peterson alizaliwa Omaha, katika jimbo la Nebraska, tarehe 26 Juni 1935, na akaingia Jeshi la Anga la Marekani akiwa kijana. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1966, wakati wa Vita vya Vietnam, ambamo Marekani ilipigana na Vietnam ya Kaskazini, akiwa katika safari yake ya 67 ya mapigano, ndege yake aina ya F-4 Phantom ilipigwa na kombora lililorushwa kutoka ardhini, katika eneo la Hai Duong, lililo kati ya Hanoi na bandari ya Haiphong. Yeye na mwenzake waliruka kwa miamvuli. Mwenzake alikamatwa pia. Peterson aliangukia kwenye mwembe, kando ya mashamba ya mpunga ya kijiji cha An Doai, akiwa amevunjika mifupa na hawezi kukimbia.

Wanakijiji walimfuata gizani na kumtia mbaroni, kisha wakamkabidhi kwa jeshi. Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Hawa walikuwa wakulima ambao ndege za aina hiyo zilipita juu ya vichwa vyao mchana na usiku, na mtu aliyekuwa akining'inia mtini mwao alikuwa mmoja wa wale waliozirusha. Hakuna mahakama ambayo ingewahukumu kama wangemmaliza pale pale. Kila kitu alichokifanya mtu huyu baadaye, ukiwemo ule mkataba wa biashara nitakaoueleza mbele, kilitegemea watu wale kumwacha hai usiku ule.

Alikaa mikononi mwa Vietnam ya Kaskazini hadi tarehe 4 Machi 1973. Ni siku zaidi ya 2,300.

Mleta uzi (naendelea)

Mateka wa Marekani walihamishwa mara kwa mara kutoka kambi moja hadi nyingine, lakini gereza ambalo jina lake limebaki vinywani mwa watu ni Hoa Lo, lililokuwa katikati ya jiji la Hanoi. Wafungwa waliliita Hanoi Hilton, kwa jina la hoteli za kifahari. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu kupita kiasi. Mateka walifungwa pingu za miguu na kufungwa kamba mikono ikiwa nyuma mpaka mabega yakateguka, walipigwa ili waandike maungamo, na wengi waliwekwa peke yao kwa miezi au miaka. Serikali ya Hanoi ilidai kwamba vita havijatangazwa rasmi, na kwamba kwa hiyo watu hao walikuwa wahalifu wasiostahili ulinzi wa Mkataba wa Geneva kuhusu mateka, ingawa Vietnam ya Kaskazini ilikuwa imeuridhia mkataba huo.

Hali ilianza kulegea mwishoni mwa mwaka 1969, baada ya kifo cha Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam ya Kaskazini, mwezi Septemba na baada ya familia za mateka kuanza kupaza sauti duniani. Novemba 1970 makomando wa Marekani walivamia kambi ya Son Tay wakaikuta tupu, kwani mateka walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Baada ya hapo, Wavietnam waliwakusanya mateka wengi Hoa Lo katika vyumba vikubwa, na watu waliokuwa wamefahamiana kwa kugongeana ukuta tu wakaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Lipo jambo jingine kuhusu Hoa Lo ambalo wengi hulisahau. Gereza hilo halikujengwa na Wavietnam. Lilijengwa na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, na kwa nusu karne waliofungiwa humo walikuwa Wavietnam waliopinga ukoloni. Mmoja wao alikuwa Do Muoi, aliyekamatwa mwaka 1941 na kutoroka mwaka 1945. Peterson alipofika Hanoi kuanza kazi ya ubalozi, Do Muoi huyo ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti. Kwa hiyo mwakilishi wa Marekani na kiongozi wa chama kinachotawala Vietnam walikuwa, kwa nyakati tofauti na mikononi mwa mabwana tofauti, wafungwa wa kuta zile zile.

Mchangiaji

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Naomba ufafanuzi mmoja kabla hujaendelea. Umesema waligongeana ukuta. Waliwezaje kuelewana kwa kugonga, ilhali alfabeti ya Morse inahitaji mlio mfupi na mlio mrefu, na ukuta ukigongwa hutoa mlio wa aina moja tu?

Mleta uzi

Ndugu, umeuliza swali la msingi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowafanya waiache Morse. Herufi za Kiingereza ni 26. Waliiondoa K, wakaitumia C mahali pake, zikabaki 25, nazo wakazipanga katika mraba wa safu 5 zenye herufi 5 kila moja. Safu ya kwanza inaanza na A, ya pili na F, ya tatu na L, ya nne na Q, ya tano na V. Mgongaji hupiga kwanza namba ya safu, hutulia kidogo, kisha hupiga namba ya nafasi ya herufi ndani ya safu hiyo. Herufi M iko safu ya tatu, nafasi ya pili: mapigo matatu, kisha mawili. Herufi A ni pigo moja, kisha jingine moja. Neno letu "mama" lingehitaji mapigo 14.

Utaratibu huo uliletwa gerezani mwaka 1965 na rubani aitwaye Carlyle Harris, ambaye alikuwa amejifunza habari zake mafunzoni. Baadaye hata kukohoa, kufagia ua na kukung'uta nguo kulibeba herufi. Kwa njia hiyo mateka walifundishana majina ya wenzao wote ili yeyote atakayetoka ayabebe kichwani, wakapeana maagizo ya ngazi ya uongozi na kuombeana dua kila usiku.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu naamini ndipo mwanadiplomasia alipopikwa. Mtu aliyejifunza kumsikiliza mwenzake herufi moja baada ya nyingine, bila kuuona uso wake, huku akijua kwamba haraka itaharibu ujumbe na kelele itamletea adhabu, amepata mafunzo ambayo chuo cha diplomasia hakiwezi kuyatoa. Hayo ni maoni yangu na ninayasimamia.

Mleta uzi (naendelea: kutoka gerezani hadi Hanoi)

Makubaliano ya Paris, yaliyoitoa Marekani vitani, yalitiwa saini tarehe 27 Januari 1973, na mateka 591 wa Marekani wakarudishwa kwa makundi katika majuma yaliyofuata. Peterson aliendelea na utumishi wa anga hadi mwaka 1981, alipostaafu akiwa kanali. Aliishi Marianna, mji mdogo wa Florida, akafanya biashara na baadaye akafanya kazi na vijana waliokuwa mikononi mwa sheria. Wakati huo nyumba yake haikuepushwa na misiba. Mwanawe mmoja alifariki katika ajali ya gari mwaka 1983, na mkewe Carlotta, aliyemsubiri miaka yote ile ya kifungo, alifariki kwa saratani mwaka 1995.

Mwaka 1990 aligombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Democratic, akashinda, na akakaa katika Baraza la Wawakilishi kwa vipindi vitatu. Huko bungeni lilimkuta suala lililokuwa likichoma roho za Wamarekani wengi, nalo ni la askari ambao hawakurudi na hawakujulikana walipo, zaidi ya 2,500 katika eneo zima la Asia ya Kusini-Mashariki. Familia nyingi ziliamini kwamba wapo waliokuwa bado hai, wamefichwa. Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na John Kerry, na iliyomjumuisha John McCain, mateka mwingine wa Hanoi, ilihitimisha mwaka 1993 kwamba hapakuwa na ushahidi thabiti wa Mmarekani yeyote aliyebaki hai kifungoni. Februari 1994 Rais Bill Clinton aliondoa vikwazo vya biashara, na tarehe 11 Julai 1995 akatangaza kurejeshwa kwa uhusiano wa kibalozi.

Mwaka 1996 Clinton alimteua Peterson kuwa balozi, na hapo kikazuka kikwazo ambacho wapenda sheria humu watakifurahia. Katiba ya Marekani inakataza mbunge kuteuliwa katika cheo kilichoanzishwa wakati wa kipindi chake cha ubunge. Nafasi ya balozi wa Hanoi ilikuwa imezaliwa Peterson akiwa bungeni, hivyo ikabidi asubiri kipindi chake kiishe Januari 1997 ndipo ateuliwe upya. Seneti ilimthibitisha Aprili 1997, na Mei mwaka huo akatua Hanoi.

Mchangiaji mwingine

Ndugu mleta uzi, nimesoma kwa makini na nakushukuru, lakini nina dukuduku ambalo nisipolisema nitakuwa nimejidanganya. Tunamweleza mtu huyu kama aliyeteswa, na ni kweli aliteswa. Hata hivyo alifika pale akiwa na mabomu. Safari 67 si matembezi. Kwa hesabu ya Wavietnam wenyewe, vita vile viliua watu wao wapatao milioni 3, wengi wao raia, huku Marekani ikipoteza askari zaidi ya 58,000. Kwa nini msamaha uhesabiwe upande wa rubani peke yake? Waliopigwa mabomu hawakusamehe?

Mleta uzi

Mkuu, sina haja ya kubishana nawe, kwani umeligusa jambo lenyewe lililonifanya nianzishe uzi huu. Wapo wanaomsimulia Peterson kama mtakatifu aliyerudi kuwasamehe watesi wake. Simulizi hiyo naikataa. Msamaha haukuwa mali yake peke yake, na nadhani yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wasimulizi wake.

Mimi naliona jambo hili kama deni. Mtu aliyefungwa miaka sita na nusu anatoka akiwa na dai mkononi, na akitaka anaweza kulidai maisha yake yote: kwa wapiga kura, kwa serikali yake, na kwa nchi iliyomfunga. Peterson amesema hadharani mara nyingi kwamba chuki yake aliiacha langoni siku aliyotoka. Neno hilo lingekuwa jepesi kama lisingefuatwa na matendo. Angeweza kudai heshima ya pekee kwenye meza ya mazungumzo, akamkumbusha kila waziri kwamba yeye ni nani na walimtendea nini. Badala yake alilitumia lile dai kwa upande wa pili, yaani kwa Wamarekani wenzake. Mjane au mama wa askari aliyepotea alipomwambia kwamba kupatana na Hanoi ni usaliti, aliyemjibu alikuwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haijui Hanoi. Nguvu yake kubwa kama balozi ilikuwa Washington kuliko Hanoi.

Septemba 1997, miaka 31 baada ya kutunguliwa, alirudi An Doai. Alikutana na wanaume waliokuwa miongoni mwa waliomkamata, wazee sasa, akanywa nao chai na kutembea nao hadi mahali pale penye mwembe. Siwezi kuueleza moyo wa mzee wa kijiji anayempokea mgeni wa namna hiyo. Ninachokijua ni kwamba alimpokea, na chai alimpa. Kwa hiyo, ndugu, jibu langu ni ndiyo: waliopigwa mabomu walitoa pia, na walianza kutoa mapema, usiku ule wa 1966.

Na kwa kuwa nimetaja deni, liko deni halisi lililotia uchungu katika habari hii. Aprili 1997, kabla Peterson hajawasili, serikali ya Vietnam ilikubali kulipa takribani dola milioni 145 ambazo serikali iliyoanguka ya Saigon, yaani ya Vietnam ya Kusini, ilikuwa imekopa Marekani. Walioshinda vita walilipa madeni ya walioshindwa, kwa nchi iliyowapiga mabomu, ili mlango wa mikopo na biashara ufunguke. Sijawahi kuisoma habari hiyo bila kusimama kidogo.

Mchangiaji wa kwanza

Hilo la deni sikulijua, na limeniumiza. Basi tueleze, katika miaka yake minne balozi huyu alifanya nini hasa, zaidi ya kunywa chai na wazee? Nauliza kwa nia njema.

Mleta uzi

Alianza na mabaki ya askari. Timu za pamoja za Wamarekani na Wavietnam zilichimba mashamba na kupanda milima kutafuta mifupa na vipande vya ndege, na Peterson aliiweka kazi hiyo mbele ya nyingine zote, akijua kwamba bila hiyo Bunge la Marekani lisingesikiliza lolote jingine. Marekani nayo ilianza kuwapa Wavietnam nyaraka za kuwasaidia kuwatafuta watu wao waliopotea, ambao kwa makadirio ni takribani 300,000. Clinton alipozuru Vietnam Novemba 2000, akiwa rais wa kwanza wa Marekani kufika huko tangu vita kwisha, alipelekwa Tien Chau, nje ya Hanoi, ambako wanakijiji walikuwa wakichekecha matope kwa mikono kutafuta mabaki ya rubani mmoja, na watoto wa kiume wa rubani huyo walikuwepo.

Mwaka 1999 ulifunguliwa ubalozi mdogo katika Jiji la Ho Chi Minh, ndiyo Saigon ya zamani, mahali pale pale ulipokuwa ubalozi wa zamani ambao helikopta za mwisho ziliondoka paani kwake Aprili 1975.

Kazi iliyomchukua jasho zaidi, hata hivyo, ilikuwa mkataba wa biashara. Pande mbili zilifikia makubaliano ya awali Julai 1999, kisha Hanoi ikasita kwa karibu mwaka mzima, kwani ndani ya chama walikuwepo waliohofia kwamba soko lingewarudishia kwa mlango wa nyuma kile walichokifukuza kwa bunduki. Ukatiwa saini Washington tarehe 13 Julai 2000 na kuanza kutumika Desemba 2001. Ushuru wa bidhaa za Vietnam uliokuwa wastani wa asilimia 40 hivi ulishuka hadi takribani 4. Mwaka ule wa saini, biashara ya nchi hizi mbili ilizidi kidogo dola bilioni 1. Miaka ishirini na ushei baadaye imepita bilioni 100. Viatu, nguo na samani nyingi zinazouzwa Marekani leo zimepitia mlango ule.

Mkuu aliyeuliza kuhusu mabomu ana haki ya kusikia na upande mwingine. Kemikali zilizomwagwa kutoka angani ili kuua misitu, pamoja na maradhi ambayo Wavietnam wanayahusisha nazo, hazikupata jibu la maana katika miaka ya Peterson. Serikali yake haikutaka kukiri wajibu, na mazungumzo yaliishia kwenye utafiti wa pamoja. Balozi hubeba msimamo wa serikali yake, hata unapokuwa mzito kuubeba, na sioni faida ya kuificha sehemu hiyo ili hadithi ipendeze.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, shukrani. Mimi ni muuguzi, na jina la Peterson nililikuta kazini katika habari za majeraha ya watoto, nisijue kabisa kwamba aliwahi kuwa mateka wala balozi. Je, ndiye huyo huyo?

Mleta uzi

Dada yangu, ndiye. Mei 1998, akiwa bado balozi, alimwoa Vi Le huko Hanoi. Mama huyu ni mzaliwa wa Vietnam aliyekuwa raia wa Australia na mwakilishi wa biashara wa nchi hiyo. Peterson mwenyewe alikuwa akiendesha pikipiki katika barabara za Hanoi, na kila siku aliona familia nzima juu ya pikipiki moja, watoto vichwa wazi. Akaanza kuzihimiza kofia ngumu. Alipomaliza ubalozi Julai 2001 alitazamia kugombea ugavana wa Florida, akaacha baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka huo, na hatimaye yeye na mkewe wakaanzisha shirika la The Alliance for Safe Children. Pamoja na UNICEF, shirika hilo lilishiriki tafiti za nyumba kwa nyumba katika nchi za Asia, zilizoonyesha jambo ambalo takwimu za hospitali zilikuwa zikilikosa: watoto wengi mno walikuwa wakifa kwa kuzama majini. Hawakufikishwa hospitali, kwa hiyo hawakuhesabiwa. Mtoto aliyezama kwenye dimbwi nyuma ya nyumba huzikwa na wazazi wake siku ile ile, na daftari la wizara halimfahamu.

Wewe uliye wodini unalijua hili kuliko mimi, na ningependa utuandikie ulichokisoma kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea.

Kuhusu kofia, Vietnam ilifanya kuvaa helmeti kuwa lazima kwa kila apandaye pikipiki, katika barabara zote, kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Kampeni hiyo ilikuwa na mikono mingi, na wa kwake ulikuwa mmoja wao.